Kwa nini picha moja ya gemu haitoshi kulainisha maji

Wateja hututumia picha moja ya skrini, pengine maporomoko ya maji au barabara ya usiku, wakitaka ionekane kama imepigwa kwa shata (kilango cha kamera kinachopitisha mwanga) iliyoachwa wazi muda mrefu. Kwa picha moja tutaipaka ukungu tu, na ukungu huo hulainisha mawe pamoja na maji. Haupendezi.

Kamera halisi ikiacha shata wazi sekunde 10, hukusanya mwanga wote wa sekunde hizo. Gemu huchora fremu, yaani picha tuli, moja moja. Kwa hiyo tunaomba video: sekunde 10 zenye fremu 60 kila moja hutupa fremu 600 za kuunganisha.

Namna ya kuunganisha ndiyo kazi yenyewe. Kwa maji na mawingu, tunatafuta wastani wa kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, katika fremu zote: kinachosogea kinakuwa laini kama hariri, kilichotulia kinabaki kilivyo. Taa za magari hazikubali mtindo huo. Taa iliyopita kwenye pikseli kwa fremu 3 kati ya 600 humezwa na wastani, maana skrini ina kikomo cha mwangaza, ilhali taa ya kweli hukizidi mbali. Hapo kila pikseli tunaiachia thamani yake angavu kuliko zote, na michirizi inajitokeza. Mara nyingi picha moja hudai njia zote mbili, anga kivyake na barabara kivyake. Magari yakienda kasi sana mchirizi hukatika vipandevipande, basi kama gemu inaruhusu kupunguza mwendo, punguza.

Unaporekodi, usitumie hali ya picha inayosimamisha wakati. Maji yaliyoganda hayana cha kulainishwa. Ondoa ramani na maandishi. Zima chembechembe za kuigiza filamu: wastani huzifuta, lakini njia ya michirizi huzirundika. Jihadhari pia na mhusika aliyesimama, kwani katika gemu nyingi bado anapumua na kamera inayumba naye. Ubora wa video uwe wa juu kabisa.

Usirekodi kwa muda mrefu mno pia. Katika Grand Theft Auto V dakika moja ya gemu ni sekunde 2 za kweli, kwa hiyo ukirekodi dakika nzima jua limeshasogea nusu saa na kingo za vivuli zimefifia. Sekunde 10 hadi 20 zinatutosha.