"Sir Ferguson" ni nani?

Mhariri,

Kurasa za michezo za magazeti yetu zina mtu aitwaye "Sir Ferguson". Waingereza hawamjui. Wanamjua Sir Alex Ferguson, kocha wa zamani wa Manchester United, aliyetunukiwa hadhi hiyo ya heshima ya Uingereza mwaka 1999, na wakimfupisha humwita Sir Alex. "Sir" hung'ang'ania jina la kwanza. La ukoo lifuate au lisifuate, ni hiari ya mwandishi. Na asije mtu na kisingizio cha nafasi ya kichwa cha habari: "Sir Alex" ina herufi 7, "Ferguson" tupu ina 8.

Chanzo cha kosa ni kuidhani "Sir" kuwa sawa na "Mr", ambayo kweli hukaa na ukoo: Mr Ferguson. Ndiyo maana hata kuitafsiri "Bwana" hakufai, maana Bwana ni Mr tu, na mtu ameshavuliwa hadhi yake. Iacheni ilivyo.

Wanawake wana "Dame", kanuni ileile: Jane Goodall wa Gombe alikuwa Dame Jane, si "Dame Goodall". Mke wa Sir ndiye anayechanganya watu, kwani yeye ni "Lady" na hubeba ukoo: Lady Ferguson.

"Lord" huenda na ukoo au jina la cheo chenyewe. Sebastian Coe, aliyechaguliwa kuongoza riadha ya dunia mwaka 2015, aliingia Bunge la Malodi (baraza la juu la bunge la Uingereza) mwaka 2000 akawa Lord Coe. Ukiandika "Lord Sebastian" umemfanya mtoto wa duke (kabaila wa cheo cha juu), na siye.

Makala za historia nazo huwavisha watu vyeo kabla ya wakati. Frederick Lugard, ofisa wa Kiingereza, alipofika Buganda Desemba 1890 alikuwa Kapteni Lugard. Sir Frederick alikuja kuwa mwaka 1901, Lord Lugard mwaka 1928. Anayeandika "Lord Lugard" katika habari za kufika kwake huko amemtangulizia cheo kwa miaka 38.

Kabla ya kuchapa, angalieni pia uraia. Asiye raia wa nchi iliyo chini ya mfalme wa Uingereza hupewa nishani ya heshima tu, bila "Sir". Bill Gates aliipokea mwaka 2005. Ana haki ya kuweka KBE, kifupi cha nishani hiyo, nyuma ya jina lake, lakini mbele yake hakuna kitu.

Mfasiri wa habari,
Dar es Salaam