Kabla ya injini kubwa, tazameni breki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nitoe dukuduku langu kuhusu makala yenu ya magari ya zamani. Mwandishi alieleza vizuri namna ya kung'oa injini ndogo ya gari la michezo na kufunga kubwa zaidi nyumbani, lakini akaishia pale injini mpya ilipowaka. Nimeifanya kazi hiyo kwa mikono yangu, kwenye MGB ya kaka yangu, gari dogo la michezo la kampuni ya MG ya Uingereza, na najua kuwa injini ikishawaka kazi ndiyo kwanza inaanza. Kijana aliyeazima winchi, na V8, yaani injini ya silinda nane, imelala pembeni mwa gari lake, ameachwa aamini kwamba anachohitaji ni nguvu za farasi tu. Hilo limenikosesha raha.

Nianze na uzito, maana hapo kiwanda chenyewe kilishatupa somo. MGB ilitoka mwaka 1962 ikiwa na injini ya silinda nne, cc 1798 (cc ni kipimo cha ukubwa wa injini), yenye nguvu za farasi 95. Mwaka 1967 wakafunga injini ya silinda sita, cc 2912, gari likaitwa MGC. Farasi wakafika 145. Lakini injini ile ilikuwa chuma kitupu, nzito kuliko ya awali kwa zaidi ya kilo 90, na kilo zote hizo zikakaa juu ya magurudumu ya mbele. Ikabidi saspensheni ya mbele ibuniwe upya na boneti itolewe nundu ili injini ienee. Wanahabari wa magari hawakulipenda: unakata kona, pua inataka kunyoosha moja kwa moja. Mwaka 1969 uzalishaji ukasimama.

Miaka minne baadaye kiwanda kikarudi na injini kubwa kuliko hiyo, V8 ya kampuni ya Rover ya cc 3528, na safari hii gari likatulia barabarani. Bloku na silinda hedi za V8 ile ni za aluminiamu, hivyo uzito wake unakaribiana na wa ile silinda nne ya chuma. Tena farasi wake walikuwa 137, pungufu ya wale wa MGC! Na wazo lenyewe halikuzaliwa kiwandani. Fundi mmoja wa Uingereza, Ken Costello, alikuwa ameshaanza kufunga V8 hizo kwenye MGB katika karakana yake. Kwa hiyo siwakatazi watu wa nyumbani hata kidogo, walitangulia. Ninachosema ni kwamba mtu asichague injini kwa cc. Aulize kwanza ina kilo ngapi, halafu aulize kilo hizo zitakaa mbele au nyuma ya ekseli ya mbele.

La pili, ambalo kwangu ndilo la kwanza, ni breki. Nishati ya gari haipandi sambamba na kasi, inapanda kwa mraba wake. Gari likienda kilomita 120 kwa saa linabeba nishati mara mbili na robo ya lile linalokwenda 80, na breki ndizo zinazotakiwa kuigeuza yote kuwa joto. Mafuta ya breki yakichemka, pedali inazama hadi sakafuni na gari halina habari. MGB ya V8 ya kiwandani ilipewa disiki nene zaidi na kalipa (zile zinazobana disiki) kubwa. Sisi tulibadilisha breki kabla hata ya kufungua bolti moja ya injini. Kaka alinung'unika kwamba tunapoteza muda. Nikamwambia injini itangoja, haili wala hainywi.

Kuna mambo mengine ambayo makala haikuyagusa kabisa. MGB za kabla ya mwisho wa 1967 zimefungwa umeme kinyume na tulivyozoea: upande chanya wa betri ndio unaokwenda kwenye bodi. Nyuma ya viti pana kifuniko, na chini yake betri mbili za volti 6. Tulipokifungua tulikuta waya wa chanya umekazwa kwenye bati, kutu ya kijani imeufunika. Mtu akileta alternata, ile inayochaji betri, na mfumo wa kisasa wa cheche, akaunga bila kutazama hapo, vitaungua dakika ileile. Lazima umeme ugeuzwe kwanza, na saa ya mizunguko ya injini nayo ishughulikiwe, maana inajua chanya na hasi.

Kisha shafti ya usukani. V8 ina ekzosi pande zote mbili, na ile ya upande wa dereva inashuka palepale shafti inapopita. Kwenye gari letu kidole changu hakikupita kati ya ekzosi na shafti. Wapo wanaosaga shafti au kuichomelea ili ipatikane nafasi. Nawasihi wasifanye hivyo. Zipo ekzosi zilizotengenezwa kupitia kwenye kuta za upande za chumba cha injini, na MG yenyewe ilitumia njia hiyo kwenye RV8 ya mwaka 1993. Chuma cha usukani kisiguswe na moto wa kuchomelea, sababu yoyote iwayo.

Difu nayo, yaani gia za ekseli ya nyuma. Ya silinda nne ina uwiano wa 3.9, yaani propela, shafti inayotoka gia boksi kwenda kwenye difu, inazunguka karibu mara nne kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Ya V8 ilikuwa 3.07. Ukiiacha ya zamani, injini yenye nguvu za kutosha itakuwa inapiga kelele bure kwenye barabara kuu na kunywa mafuta. Rejeta na feni sina haja ya kuvieleza sana: injini kubwa hutoa joto kubwa.

Wakati wa kuinua, asiwepo mtu chini ya injini wala chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Injini ya zamani isiuzwe chuma chakavu. Yetu tuliimwagia oili kwenye silinda, tukaziba matundu yote na kuihifadhi pamoja na kabureta zake, kwa sababu ina namba iliyotoka na gari na siku moja mtu atataka kuirudisha. Na namba ya injini mpya iandikishwe kwenye karatasi za gari, bima nao waarifiwe kwa maandishi kabla gari halijatoka getini.

Mhariri, nakuomba makala itakayofuata impeleke mpiga picha chini ya gari. Boneti tumeshaiona.

Fundi wa magari na msomaji wenu wa siku nyingi