Televisheni ya Jumapili Uingereza haikuzimwa kwa hiari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nijibu makala mliyoichapa Jumapili iliyopita kuhusu malezi na televisheni. Mwandishi alidai kwamba Waingereza wa miaka ya 1950 waliizima televisheni kila Jumapili jioni kwa hiari yao ili waende kanisani, na kwamba nasi tukiwaiga watoto wetu watanyooka. Sina ugomvi na nia yake. Ninachokipinga ni historia aliyoitegemea, kwa sababu televisheni ile haikuzimwa na mtazamaji sebuleni kwake, bali ilizimwa kwa amri ya serikali huko huko mitamboni.

Saa za matangazo zilikuwa chini ya mamlaka ya Waziri wa Posta. Siku nyingine za juma matangazo yalikatwa kuanzia saa kumi na mbili hadi saa moja jioni, ili wazazi wapate kuwalaza watoto wadogo bila kelele. Jumapili pengo lilianza saa kumi na mbili na robo na kuendelea hadi saa moja na dakika ishirini na tano, ili ibada ya jioni isipate mshindani. Mwenye televisheni angeweza kuzungusha vifundo mpaka vidole vimuume, na bado asione kipindi chochote. Kabla ya Septemba 1955 hapakuwa hata na stesheni nyingine ya kukimbilia, kwa kuwa BBC ilikuwa peke yake.

Marehemu ami yangu, ambaye mwaka 1954 alikuwa akisomea ualimu kaskazini mwa Uingereza, alipenda sana kutusimulia Jumapili hizo. Mama aliyempangisha chumba alikuwa na televisheni, jambo ambalo majirani kadhaa hawakuwa nalo, kwa hiyo walikuja na viti vyao wenyewe. Mapazia yalifungwa mchana kweupe, kisha wote wakangoja mashine ipate moto ndipo picha ijitokeze, ndogo kiasi kwamba mbele yake palitundikwa lenzi nene iliyojazwa mafuta ili kuikuza. Alasiri ilikuwa ya watoto, na kikaragosi wa nyumbu, yule chotara wa punda na farasi, aitwaye Muffin alicheza juu ya piano huku Annette Mills akiipiga na kuimba. Baada ya hapo ilikuja chai, na baada ya chai lile pengo. Ami alisema kwamba wachache walikwenda kanisani, na waliobaki walizungumza tu, wakichungulia saa ya ukutani. Kwa ushahidi wake, basi, hata amri yenyewe haikujaza makanisa, ingawa nakiri kwamba sebule moja si nchi nzima.

Pengo lilipokwisha, usiku ulikuwa mnono. Palikuwa na mchezo wa kubahatisha kazi za watu uitwao What's My Line?, uliompa umaarufu Gilbert Harding, mzee mwenye ulimi mkali ambaye watu walimtazama wakisubiri akasirike. Palikuwa pia na tamthilia, na hapa ningependa mwandishi wenu atulie kidogo. Tamthilia ya Jumapili haikurekodiwa kwanza ndipo irushwe. Waigizaji waliicheza papo hapo studioni, na Alhamisi iliyofuata wakarudi kuicheza upya tangu mwanzo, kwa sababu hayo ndiyo yaliyokuwa marudio ya siku zile. Jumapili ya tarehe 12 Desemba 1954 BBC ilionyesha tamthilia iliyotokana na riwaya ya George Orwell, Nineteen Eighty-Four, huku Peter Cushing akiwa mhusika mkuu. Mateso yaliyoonyeshwa humo yaliwakasirisha watazamaji wengi, malalamiko yakamiminika, na baadhi ya wabunge wakawasilisha hoja ya kuilaani. Mume wa Malkia, kwa upande wake, alisema hadharani kwamba yeye na Malkia waliitazama na kuifurahia. BBC haikurudi nyuma, na Alhamisi ya tarehe 16 waigizaji walisimama tena mbele ya kamera. Onyesho lililohifadhiwa hadi leo ni hilo la Alhamisi. Lile la Jumapili, lililozua zogo lote, lilipotea lilipomalizika.

Je, hao ndio wacha Mungu waliojinyima televisheni ambao makala iliwasifu?

Tena ninamwomba mwandishi atazame jinsi pengo lilivyoondolewa, maana halikuondolewa kwa mjadala wa dini wala wa malezi peke yake. ITV ya Uingereza, stesheni iliyokuja kushindana na BBC, ilipoanza mwaka 1955 iliishi kwa matangazo ya biashara, na kwa kampuni zake kila saa ya kioo kitupu ilikuwa saa ya hasara. BBC iliyoendeshwa kwa ada ya leseni waliyolipa wenye televisheni ilipenda pengo libaki, kwa kuwa kulijaza kulihitaji fedha za ziada. Waziri wa Posta, Charles Hill, aliyekuwa daktari, aliona kwamba kumlaza mtoto ni kazi ya mzazi na si ya serikali, na pengo la siku nyingine likafutwa kuanzia Jumamosi ya tarehe 16 Februari 1957. Jumapili ilitendewa tofauti, kwani saa ile ya ibada iliachiwa vipindi vya dini, na humo ndimo kipindi cha nyimbo za dini, Songs of Praise, kilimozaliwa tarehe 1 Oktoba 1961, kwa nyimbo zilizotangazwa kutoka kanisa moja la Cardiff. Kwa hiyo ulinzi wa Jumapili ulidumu kweli, lakini ulidumu kwa kanuni.

Ningeshukuru kama gazeti lingechapa masahihisho. Na iwapo mwandishi bado anaamini kwamba televisheni ilikuwa ikiliachia kanisa nafasi, aangalie yaliyotokea mwaka 1968, BBC ilipoirudia tamthilia ya mfululizo The Forsyte Saga kila Jumapili usiku. Hapo baadhi ya mapadri wa Kianglikana waliiwahisha saa ya ibada ya jioni, ili waumini wao wawahi nyumbani kabla tamthilia haijaanza.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Tanga