Ile chupa ya kabatini usiiguse

Moshi, Jumapili jioni

Mwanangu,

Hapa nyumbani hatujambo. Kibo imejifunika tangu Alhamisi, na mkungu niliokuahidi umeshaliwa na wageni.

Nimesoma ujumbe wako kwamba chumvi yako ya maabara imetoka unga mara tatu, halafu chupa uliyoisahau kabatini ndiyo iliyotoa fuwele safi. Nilicheka peke yangu. Unaikumbuka shabu niliyoining'iniza kwa uzi dirishani ulipokuwa darasa la sita? Kila asubuhi ulitia kidole uone imekua kiasi gani, ikaishia chengachenga. Molekuli zinahitaji muda wa kujipanga. Ukizikausha haraka, kila moja inakaa ilipokutwa.

Lile swali lako la pili ndilo lililonikesha na kitabu ulichoniachia: ni chumvi kweli, au ni asidi na amini, ile kemikali yenye nitrojeni, zimekaa pamoja tu? Yote yanategemea haidrojeni moja. Ikiwa imehama kutoka kwenye asidi kwenda kwenye nitrojeni, nitrojeni inapata chaji chanya, asidi inabaki na hasi, na hiyo ni chumvi hata kama haikolei mchuzi. Hata hivyo haidrojeni yenyewe haitulii: ni kama mtoto anayelala kwao lakini mchana anakula kwa jirani. Imefungwa kwa nitrojeni, huku oksijeni ya ng'ambo ikiivuta. Ndiyo bondi ya haidrojeni. Kutoka nitrojeni hadi oksijeni, mara nyingi utapata nanomita (sehemu ya bilioni ya mita) 0.27 hadi 0.29.

Ila ukiipiga fuwele eksirei kutafuta atomi zilipo, usikubali haraka mahali kompyuta ilipoiweka haidrojeni. Eksirei huona elektroni, na haidrojeni inayo moja tu, tena imevutwa upande wa mwenzake. Wewe pima zile bondi mbili za kaboni na oksijeni kwenye kundi la asidi. Zikilingana, kila moja karibu nanomita 0.125, haidrojeni imeshaondoka. Moja ikiwa kama 0.121 na nyingine 0.131, bado iko kwenye asidi.

Kisha rudi kwenye nitrojeni. Umesema ina haidrojeni tatu. Tazama kila moja imeshikana na nani. Ukikuta moja haina mtu, rudia hesabu kabla hujamwonyesha mwalimu wako.

Kitabu kinasema Bragg baba na Bragg mwana walipewa Nobel pamoja mwaka 1915 kwa kazi hii ya fuwele na eksirei, kijana akiwa na miaka 25. Mimi jukwaani usinisubiri. Nimefundisha kemia ya sekondari miaka yote, na eksirei niliyowahi kuiona ni ya kifua changu.

Ukija Desemba niletee fuwele moja, hata iwe ndogo kama punje ya ulezi. Ifunge kwenye kichupa chenye kizibo, si kwenye karatasi kama ulivyoniletea ile sukari guru.

Mama yako