Kwa wajukuu zangu mnaocheza besiboli vyuoni

Wajukuu zangu,

Juma lililopita nilikuwa dukani nanunua mchele, nikamwona kijana wetu mmoja anageuza kigari chake haraka asikutane nami. Kijana huyo amekula kwangu tangu ana miaka sita. Sikumkasirikia yeye. Nilijikasirikia mimi na wazee wenzangu wa hapa Columbus, Marekani.

Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa saba, tulijazana sebuleni kwao siku klabu za besiboli ya kulipwa zinapochagua wachezaji. Pilau imeiva, simu ya babake iko katikati ya meza, hakuna anayethubutu hata kuisogeza. Jina lilipotajwa tulipiga vigelegele mpaka jirani akagonga mlango. Jumamosi tukakodi ukumbi, na aliyeshika kipaza sauti ni mimi: "Mtoto wetu amefika!"

Amefika wapi? Uchaguzi wenyewe una raundi 20 (hadi 2019 zilikuwa 40), na anayechaguliwa haendi Ligi Kuu. Anaanzia ligi ndogo, apande ngazi moja moja. Kwa mkataba wa 2023, ngazi ya kwanza ya msimu mzima ililipa dola 26,200 kwa mwaka. Mimi dereva wa basi nilistaafu nikiwa napata zaidi.

Kijana wetu alisaini kwa dola 70,000, za mara moja tu. Kodi haijakatwa, kundi la WhatsApp la ukoo limeshazigawa: bati za baba mkubwa, ada ya binamu, kiwanja cha shangazi. Mtoto wa miaka 21 anajibu ujumbe wa watu wazima saa nane za usiku, ndani ya basi la timu. Nani alimuuliza habari za bega lake? Hata mmoja. Na bega lilikuwa linamuuma. Akaendelea kurusha mpira hivyo hivyo, kwa kuwa tulishatangaza kwamba amefika. Machi ya pili tangu asaini akaitwa ofisini, klabu ikamwacha, akapewa mkono na tiketi ya ndege. Wenye bati wako kimya mpaka leo.

Sasa nisikilizeni, hasa nyinyi wa mwaka wa tatu. Katika chuo cha miaka minne, kwa kawaida klabu haikuchukui mpaka umalize mwaka wa tatu au utimize miaka 21. Hapo ndipo una nguvu, maana unaweza kuwaambia narudi darasani. Ukishamaliza wa nne huna pa kurudi, nao wanajua, wanakupa kiduchu. Tumia nguvu hiyo kudai ada ya masomo iandikwe kwenye mkataba. Jambo hilo lipo, wengi wamelipata; ila ukiacha kucheza, uanze masomo ndani ya miaka miwili. Kwa kijana wetu hakuna aliyeuliza. Tulikuwa tunatafuta ukumbi.

Mengine kwa ufupi. Laleni. Jifunzeni Kihispania, mtaishi na vijana wa Jamhuri ya Dominika na Venezuela. Maumivu aambiwe daktari siku hiyo hiyo. Wakala asiyepokea simu za mama yako, mwache.

Na msihesabu miaka ya wenzenu. Jacob deGrom, mrushaji mashuhuri, pale chuo cha Stetson alikuwa mlinzi wa uwanjani, si mrushaji; urushaji aliuanza karibu na kuondoka. Klabu ya Mets ya New York ilimchukua raundi ya 9 mwaka 2010, mwaka huo huo akapasuliwa kiwiko, akaingia Ligi Kuu 2014. Mark Appel wa chuo cha Stanford alichaguliwa wa kwanza kabisa 2013, akapewa dola milioni 6.35. Alikanyaga Ligi Kuu 2022, akiwa na miaka 30, baada ya kuuacha mchezo na kuurudia. Nenda katazame uwanja wa Clippers, timu ya hapa mjini, ngazi moja tu chini ya Ligi Kuu, uone wanaume wenye watoto bado wanasubiri kupigiwa simu.

Nanyi wazazi, mtoto akichaguliwa, mpikieni, mle, mlale. Ukumbi wa nini?

Wewe wa dukani, najua utasoma hii. Mfuko wako wa glavu babako aliuleta kwangu, uko gereji, nimeufunika panya wasiufikie. Njoo Jumapili. Sitakuuliza kitu, bibi yako amesema atapika wali wa nazi.

Babu yenu,
Columbus, Ohio