Barua kwa mwanangu: dola 39.60

Moshi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Salamu zako zimenifikia, pamoja na hasira zako kwa baba yako, ambaye ati amekuaibisha kwa kumuuliza kijana wako anafanya kazi gani na kihamba cha kwao, lile shamba la ukoo, kiko wapi. Unaniambia kuwa mapenzi hayana hesabu, na shahidi wako ni zile filamu za mapenzi na vichekesho tulizotazama wakati wa Krismasi.

Nilizifurahia, lakini mtu aliyezoea kukagua mitumba pale sokoni Kiboriloni hutazama hata upande wa ndani wa nguo. Katika Crazy Rich Asians ya mwaka 2018, msichana anayeonekana hafai kuolewa katika ukoo wa matajiri wa Singapore ni profesa wa uchumi huko New York. Mkwe wa namna hiyo angekuja kwetu, shangazi zako wangechinja mbuzi kabla hajaketi! Filamu hizi hupenda kutuonyesha maskini ambaye hajawahi kukosa nauli.

Niliyoiamini ni ile ya zamani, It Happened One Night ya mwaka 1934, iliyotengenezwa Wamarekani wengi wakiwa hawana kazi. Mwandishi wa habari aliyefukuzwa kazi anasafiri na binti wa tajiri aliyetoroka kwao, na ingawa imetangazwa zawadi ya dola 10,000 kwa atakayesaidia kumpata, yeye anakwenda kwa baba mtu kudai dola 39.60 tu, yaani gharama zake za njiani, akiwa na orodha mkononi. Hapo ndipo mzee anapomuuliza kama anampenda binti yake.

Baba yako alipokuja kuposa, mshenga wake alianza kumsifia mali ambazo hakuwa nazo. Baba yako alimkatiza, akamwambia babu yako kuwa hata pombe ya mbege waliyoibeba ilikuwa ya mkopo kutoka kwa kaka yake. Mimi nilikuwa jikoni, nikatamani ardhi inimeze. Babu yako alinyamaza kidogo, kisha akauliza ni shilingi ngapi, akapunguza mahari.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haiifanyi ndoa kuwa batili kwa sababu ya mahari kutolipwa, na baba yako analijua hilo. Mlete kijana mwezi ujao. Asiazime suti, na kama ana deni, alitaje. Safari hii pia nitakuwa jikoni, nikisikiliza.

Mama yako