Unaenda kubadilishana pini kwa mara ya kwanza? Soma hii kabla hujaagiza

Tangu watu waanze kujiandaa na Dakar hapa dukani tunapotengeneza pini, vile vibeji vidogo vya chuma watu wanavyovaa na kubadilishana kwenye Olimpiki, tunapokea maulizo mengi sana, makocha, wazazi, vilabu, hata wale wanaoenda kushangilia tu, na swali ni lile lile, nitengeneze ngapi na nikifika kule nafanyaje. Tukaona bora tuandike hapa mara moja kila mtu asome. Dakar ni Michezo ya Olimpiki ya Vijana, imepangwa kuanzia tarehe 31 Oktoba mpaka 13 Novemba 2026, na ni mara ya kwanza michezo ya Olimpiki inakuja Afrika, kwahiyo Watanzania wengi watakaoenda ndo watakutana na haya mambo ya pini kwa mara ya kwanza. Na kama wewe mpango wako ni Los Angeles 2028, soma tu, utaratibu ni ule ule.

Kwa ambaye hajui, hii kitu ni ya zamani. Athens 1896 wanamichezo, waamuzi na viongozi walivaa vibeji vya karatasi ngumu ili ijulikane nani ni nani, baadae wakaanza kubadilishana kama ishara ya urafiki, halafu miaka ya 80 mashabiki nao wakaingia kwa nguvu, Los Angeles 1984 ikawa balaa, na Calgary 1988 Coca-Cola wakafungua kituo maalum cha kubadilishana. Paris 2024 Simone Biles alikuwa na pini yake mwenyewe ya umbo la moyo na wanamichezo wenzake walikuwa wanaisaka pale kwenye kijiji cha wanamichezo.

Sasa kitu tunachotaka ukielewe kabla ya vyote: pini ya Tanzania ina thamani kuliko unavyodhani. Fikiria tu, Paris sisi tulipeleka wanamichezo 7, Marekani walipeleka karibu 600. Msafara mdogo unakuja na pini chache, msafara mkubwa unazo za kumwaga, na wanaokusanya wengi wao ndoto yao ni kukamilisha seti ya nchi zote zaidi ya 200. Pini ya Marekani wataipata popote, ya Tanzania inabidi wamtafute Mtanzania. Yaani wewe mwenye begi dogo ndo unatafutwa pale!

Na hapa ndo wageni wengi wanapoliwa. Utashuka kwenye basi, utakutana na mzee kavaa kofia na kizibao vimejaa pini hakuna hata pa kuweka kidole, ataona pini yako ya twiga kwenye kamba ya shingoni na atakuita kwa bashasha kabisa. Wengi wao ni watu wazuri sana na wana stori za Olimpiki za miaka na miaka, kaa nao, wasikilize. Ila yeye anajua anachotafuta na wewe bado hujajua. Atakupa pini mbili tatu za makampuni yanayodhamini, zinang'aa, kubwa, moja labda ina kitu kinachozunguka, na wewe utaona umepata nyingi kwa moja. Pini za wadhamini zinatengenezwa kwa wingi sana, utazipata hata siku ya mwisho. Pini ya kamati ya Olimpiki ya nchi ibadilishe na pini ya kamati ya nchi, na ukiweza omba ya nchi ndogo kama yetu, visiwa vya Pasifiki, Karibiani, majirani zetu wa Afrika. Angalia pia kama ina mwaka. Yenye mwaka wa michezo husika inatafutwa zaidi kuliko ile isiyo na mwaka ambayo kamati inaitumia kila safari. Na usizidharau pini za waandishi wa habari, hasa za vituo vya televisheni vya Japani, zile watu wanazikimbilia.

Siku ya kwanza usitoe zote. Zungukia watu, angalia, uliza, zile nzuri zako weka ndani ya begi na nje vaa chache tu.

Adabu ya pale ni rahisi ila lazima uijue. Usiguse pini ya mtu kabla hujaomba, hata kama iko kwenye ubao na umeipenda kiasi gani. Watu wawili wakiwa wanaongea biashara yao subiri wamalize ndo usogee. Mtu akikataa amekataa, shukuru uende, na wewe pia ukiombwa kitu hutaki kutoa sema hapana bila kuona haya, hakuna atakayekununia. Habari ya hela weka pembeni kabisa, pale ni pini kwa pini. Na mwanamichezo anayeelekea kushindana muache kwanza aende akafanye kazi yake, utampata baadae akiwa ametulia.

Kwa wazazi na makocha tunaomba hili mlichukulie kwa uzito. Dakar ni michezo ya vijana, kwahiyo upande mmoja atakuwepo mtoto ambaye hajui pini yake ina thamani gani na upande wa pili mtu mzima anayejua vizuri sana. Waelekezeni watoto wenu kabla hawajaondoka, na wewe mwenyewe ukibadilishana na mtoto mpe kitu cha maana, usimpunje.

Tuje kwenye kutengeneza, maana hapa ndo tunapata shida na wateja. Mtu anakuja na mchoro una zile duara tano za Olimpiki anataka tumuwekee. Hatuweki, na sio kwamba tunaringa. Ile alama ni mali ya IOC, yaani Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, na hapa nchini ruhusa inapitia TOC, Kamati ya Olimpiki Tanzania, ukija na barua yao tunafanya kesho, bila barua hapana. Klabu yako haikosi cha kuweka bila hizo duara, weka Mlima Kilimanjaro, jahazi, twiga, jina la klabu na mwaka. Tafadhali sana usisahau mwaka.

Ukubwa, milimita 25 mpaka 30 inatosha, kubwa zaidi ya hapo inakuwa nzito na inavuta nguo. Rangi tunashauri enameli ngumu, ile inayochomwa halafu inasuguliwa mpaka inalingana na chuma, ukipitisha kidole unasikia laini kabisa. Enameli laini bei yake iko chini na sio mbaya, ila rangi inakaa chini ya kingo za chuma kwahiyo unasikia mabonde, na kwenye begi zikigongana zinachubuka mapema. Kizibo cha nyuma usichukue kile cha bati chenye masikio mawili, kinalegea, mtu anatembea uwanjani jioni anakuta kamba ya shingoni ina sindano tu. Chukua cha mpira, na kwa zile pini unazozipenda wewe mwenyewe chukua vya kufunga.

Muda sasa. Kuna kuchora, wewe kukubali mchoro, kukata dai (ile kalibu ya chuma ya kugongea pini), sampuli moja uishike mkononi uone rangi, ndo oda yote iingie. Hesabu wiki nne bila kujidanganya, na ukibadilisha rangi baada ya sampuli wiki inaongezeka. Mtu akija siku kumi kabla ya ndege tunamwambia ukweli kwamba haitawezekana, maana tukiharakisha rangi inatoka na mapovu na hiyo pini ndo itabeba jina la nchi kule.

Idadi, kwa mtu mmoja anayeanza 50 zinatosha, klabu nzima 200. Ukija dukani njoo na mchoro hata wa kalamu kwenye daftari, tarehe ya safari, na barua ya TOC kama unayo.